Vipele Vile Havikuwa Hasira ya Mama

Samuye,
S.L.P. 61,
Shinyanga.
14 Septemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Valerian,

Marahaba. Nimeitikia kabla hujanisalimu, maana nikisubiri shikamoo yako nitazeeka mara ya pili. Hujambo lakini? Unakula vizuri? Kile kifua ulichotoka nacho kwenye machimbo bado kinakusumbua, au hewa ya Masasi imekuponya? Mwamvua aliporudi na mzigo wake wa korosho aliniambia amekuona sokoni, umekonda, na ndevu zimeshuka mpaka kifuani. Nilicheka mbele yake, kisha nikaingia jikoni nikalia.

Mimi sijambo, ni magoti tu. Mvua bado, vumbi ndilo tunalolala nalo na kuamka nalo. Ng'ombe wamekonda lakini wapo. Mwanangu Eliya hajambo sasa, na nasema sasa kwa sababu hakuwa hivyo, na mambo yake ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Simu nimekupigia mpaka nimechoka. Ukiona namba yangu unakata. Barua huwezi kuikata. Nimemwagiza Mwamvua asiondoke hapo mpaka akuone umeifungua, na yeye ana biashara zake, kwa hiyo usimcheleweshe mtoto wa watu.

Habari kubwa ni ya Baba. Hali yake si nzuri. Miguu imevimba, na akitoka kitandani kwenda uani anarudi anahema kama aliyetoka kulima. Hospitali ya Kolandoto wamesema ni moyo. Wamempa dawa, wakatuambia tukae naye nyumbani, tumpe anachopenda. Wewe ni mtu mzima, unajua maneno hayo yana maana gani. Anakuulizia. Si kwa kusema sana, unamjua. Ila pikipiki yoyote ikisimama nje, anageuza kichwa mlangoni.

Jibu ulilomtuma Mwamvua nimelipata: kwamba Baba unampenda, lakini hata akifa hutakaa tena mbele ya wembe wa Baba mdogo Mwigulu. Nililimeza peke yangu. Baba sikumwambia. Limeniuma, Valerian, na limeniuma zaidi kwa sababu sikuona pa kukulaumu.

Nilikuwepo kwenye msiba wa Mama, niliona kila kitu. Ulifika kutoka Geita na vumbi la shimoni bado liko kwenye nyusi. Hukuwahi kumuuguza kwa kuwa aliyetumwa kukuita alichelewa, na hilo halikuwa kosa lako. Tulipotoka makaburini mkakalishwa wanaume kwenye mkeka, Baba mdogo akapita na wembe wake kichwa kwa kichwa. Kavu. Kinyume na unywele, mpaka king'ae. Ndiyo sheria ya ukoo wetu, aliyefiwa hagusi maji mpaka anyolewe, na nywele za msiba hazibakizwi hata shina. Wewe ukanyolewa na ndevu juu yake. Ilipofika siku ya kumaliza msiba, kisogo na kidevu chako vilikuwa vimeumuka vipele vya usaha, shingo huwezi kuigeuza. Ndipo Baba mdogo akasema, watu wote wameshika sahani za wali, "Mama yake hajazipokea nywele zake." Kwetu hakuna asiyejua maana yake: marehemu amekukataa kwa kosa.

Uliweka sahani chini, ukaingia ndani kuchukua begi. Hatujakuona hapa nyumbani tangu siku ile.

Sasa sikiliza. Bibi mzaa Baba alipofariki mwezi wa saba, tulinyolewa tena. Siku hizi kila mtu huja na wembe wake mpya, vijana walilipigania hilo kwa ajili ya magonjwa na wazee wakakubali huku wamenuna. Lakini kunyoa ni kulekule, kavu na kinyume. Eliya naye akakaa mkekani, akanyolewa kichwa na ndevu. Haikupita wiki, shingo na kidevu vikaumuka. Nilipomwona asubuhi anashindwa kuvaa fulana, nilikuona wewe.

Na Eliya ndiye aliyemuuguza Bibi! Alimwogesha, alimpondea nyama, alimbeba kumtoa juani. Bibi alikuwa hakubali uji wa mtu mwingine, hata wangu aliutema. Niambie, mtu kama huyo Bibi angemkataa kwa lipi? Lakini minong'ono ikaanza. Shangazi Agatha akaja kuniuliza, kwa sauti ya huruma kabisa, kama nina hakika mtoto hakumchukulia marehemu kitu chake. Nilikuwa nasonga ugali. Nashukuru Mungu mwiko ulibaki ndani ya sufuria.

Nisijifanye mwerevu, kwanza tulimharibu wenyewe. Nilimpaka spiriti, akapiga kelele mpaka majirani wakatoka. Akapaka dawa ya meno. Mwingine akatuletea vile vidonge vya rangi mbili, tukavipasua na kumwaga unga wake juu ya vidonda, unga ukagandamana na usaha. Rafiki yake akampa krimu ya kujichubua, eti inaondoa vipele. Iliviondoa kweli, kisha vikarudi na jamaa zao wote. Na muda wote huo alikuwa anavitumbua kwa mwiba mbele ya kioo, nikigeuka tu anatumbua.

Mwisho nikamburuta Kolandoto. Tulipokewa na daktari mwanamke, Rebeka, ana haraka na mdomo mkali, tukaelewana. Akamwinamisha Eliya kwenye mwanga wa dirisha, akaniita niangalie kwa macho yangu. Ndani ya kipele kulikuwa na unywele umejikunja, umerudi kuingia kwenye ngozi ya mwenyewe. Akasema nywele zetu zimejipinda. Zikikatwa chini kabisa, tena kavu na kinyume, ncha inabaki kali, na zinapokua zinapinda na kuchoma nyama. Ngozi inauona unywele wake yenyewe kama mwiba, inavimba, na uchafu ukiingia inatunga usaha. Wengine ngozi yao inavumilia, wengine haivumilii, na mara nyingi inafuata ukoo. Akaniuliza kama kuna mwingine kwetu. Nikasema yupo mdogo wangu. Nikashindwa kuendelea, ikabidi Eliya aseme yeye.

Hivyo tu, Valerian. Unywele. Miaka yote hii umelala huko Masasi ukidhani Mama alikufa na kinyongo nawe, kumbe ni unywele.

Eliya alipewa dawa ya kupaka na ya kumeza, akakatazwa wembe mpaka ngozi itulie. Sasa ametulia, na ana utaratibu wake utadhani bwana harusi. Analaza kwanza taulo la maji ya uvuguvugu usoni mpaka ndevu zilainike, anapaka povu la sabuni isiyo na manukato, kisha wembe mpya unapita kufuata unywele unakoelekea. Unapita mara moja, bila kuvuta ngozi, bila kukandamiza. Baada ya hapo maji ya baridi, anajifuta kwa kubonyeza bila kusugua, na mafuta mepesi yasiyonukia. Spiriti hataki hata kuisikia. Mara nyingine anaacha wembe kabisa, anatumia mashine inayobakiza nywele kidogo, na daktari alisema hiyo ndiyo salama zaidi kwa ngozi kama yenu.

Kwako wewe nilimuuliza zaidi, maana nilimweleza yale makovu ya kisogoni ambayo Mwamvua anasema yanakua. Amesema usiyakate na usikubali mtu ayachanje, yatarudi makubwa kuliko mwanzo. Kuna sindano za kuyapunguza, zinachukua muda, uende hospitali wakuone. Na kama ndevu zinakufaa, zifuge, hata yeye alisema kuacha kunyoa ndiyo dawa ya uhakika. Ila zichane. Mwamvua anasema zinatisha wateja.

Tulipotoka hospitali sikupitia nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwa Baba mdogo. Nikamkuta uani anachonga mpini wa jembe. Nilimsalimia kwa adabu, kisha adabu ikaniisha. Nilimwambia yote, ya unywele, ya Eliya, ya sahani za wali. Nilimwambia amemfukuza mtoto wa kaka yake kwa kipele. Unakumbuka tulivyokuwa tukimwita Padri, kwa lile shati lake la kufungwa mpaka kooni hata jua likiwaka? Alikuwa amelivaa vilevile. Nilipomaliza, akaweka panga chini, akafungua kifungo.

Shingo yake, Valerian! Imejaa makovu toka sikio mpaka sikio, kama karanga zilizopangwa chini ya ngozi. Nimekulia kwenye mji wa yule mzee na sikuwahi kuyaona.

"Alipokufa guku wenu, babu yenu, haya yaliniota shingoni," akasema. "Wakasema mzee amenikataa. Nilikuwa bado sijaoa. Nikafunga kifungo, ng'wanone, mwanangu, sijakifungua mbele ya mtu mpaka leo."

Nikamuuliza, kama alilijua hilo, kwa nini basi alikufanyia wewe. Akakipapasa kile kifungo, akasema, "Niliona macho ya watu yanamtafuta mwenye kosa. Nikaogopa yasije yakaniangukia mimi."

Hasira bado ninayo, usidhani nimemsamehe kwa niaba yako. Hiyo ni kazi yako, ukitaka. Kuhusu wembe, nilimwambia kwamba kitambaa cha maji ya uvuguvugu si kuoga, kwa hiyo hakivunji sheria ya mtu. Akasema labda. Kwake labda ni neno kubwa. Mbele ya ukoo bado hajathubutu kusema chochote. Anadai ukija atasema. Sijui kama atasema, na sitaki nikudanganye ili uje.

Jana lakini alikuja kwetu, akaketi kwenye kiti karibu na kitanda cha Baba, akanifukuza niende nikachemshe chai. Nilisikia wanaongea kwa chini kwa chini, halafu nikasikia Baba analia. Sikuingia. Chai ilipoa jikoni.

Eliya anakusalimia, anasema anakudai soga za machimbo. Mdogo wetu Vaileth yupo Ushetu na mumewe, tumbaku yao mwaka huu imekubali, naye kila akipiga simu swali la kwanza ni wewe. Shangazi Agatha anakusalimia pia, nami nafikisha salamu zake bila kuongeza neno. Nisalimie Mama mwenye nyumba wako anayekufulia, Mungu ambariki kwa kutulelea mtu wetu.

Nilikuwa naifunga barua hapa, Baba ameniita. Amenisikia nikimwambia Mwamvua asubiri, akauliza naandika nini. Nikamwambia. Tangu alipoanza kulala kitandani hajanyoa, ndevu zake nyeupe zimefika kifungo cha kwanza cha shati, hata padri alipomletea komunyo alimtania. Eliya ameomba kumnyoa zaidi ya mara moja, anakataa, nasi tulidhani ni uchovu wa ugonjwa. Leo ndipo amesema. Naandika kama alivyotamka.

"Mwambie Valerian ndevu zinaniwasha, aje aninyoe yeye. Aninyoe nikiwa hai, na Mwigulu awepo, na ukoo uwepo. Wasisubiri nife ndipo waseme kama nimempokea au sikumpokea."

Basi, mdogo wangu. Taulo nimelifua. Wembe mpya uko kwenye karatasi yake juu ya kabati, na maji yako nitayapasha mimi. Mungu aliyekutoa salama shimoni na akupandishe basi. Ndevu za Baba zinaendelea kukua, na yeye anaendelea kuchoka.

Ni mimi, dada yako akupendaye hata ukinuna,

Theopista
(Mama Eliya)