Pini za Shingoni

Wodi ya mifupa,
kwenye kiti kilicho kando ya kitanda cha mkweo.

Kwako Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba, na Mama naye nampa shikamoo yake peke yake, asije akasema nimemchanganya na yako. Mnaendeleaje huko nyumbani? Presha yako imekaaje? Vidonge unakunywa, au bado unavificha chini ya godoro na kusema vimekwisha? Mguu wa Mama umepoa? Mimi mwilini sijambo. Mjukuu wako hajambo kabisa, ananyonya mpaka anakoroma, na masikio amechukua yako, yale ya kusimama. Kila nesi anayepita anamvuta sikio na kucheka. Huo ndio uzima tulio nao. Wa tatu wetu sina salamu zake za kukupa, na yeye ndiye aliyenifanya niombe karatasi nikae niandike.

Baba, naomba usome ukiwa umeketi, na usiikunje kabla hujafika mwisho. Simu nimejaribu. Lakini kila nikimtaja mume wangu unasema mtandao unasumbua, na huku nasikia redio yako inaimba safi hapo ulipo. Barua huwezi kuikata. Kuichana unaweza, ila najua hutaichana, maana wewe hata karatasi iliyofungiwa misumari huwa unaisoma kwanza. Mwandiko wangu unaujua, shule yangu unaijua iliishia wapi, nisamehe nikikosea.

Baba, mkweo anakwisha. Siandiki hivyo kukutisha. Daktari wa mifupa anasema nyonga imeunga vizuri na paja linaunga, hana wasiwasi na mifupa. Wasiwasi wake ni kwamba mgonjwa ameugeukia ukuta. Uji ninaomletea unapoa mpaka unafanya ngozi juu. Mtaalamu wa mazoezi anakuja kumkalisha, yeye anakuwa mzito kama gunia lililolowa, wanamrudisha chini. Daktari aliniita kwenye korido, akanieleza kwamba mtu akilala namna hii bila kugeuka kifua kinajaa, na vidonda vinaota ubavuni. Akasema amewaona wanaume wenye nguvu kumshinda huyu wakiondoka si kwa kuvunjika bali kwa kukata tamaa. Akaniuliza kama kuna mtu yeyote ambaye mume wangu humsikiliza. Nikamjibu yuko mmoja, na huyo ndiye aliyemlaza ukutani.

Ni wewe, Baba. Niwie radhi, lakini ni wewe.

Kitanda cha pili kuna fundi mwashi aliyeanguka kwenye jukwaa la mbao, mguu wake umening'inizwa juu kama nguo kwenye kamba. Mtu wa maneno huyo. Anamwambia mkweo kwamba ukuta ule ulishapigwa plasta zamani, aache kuukagua bure, hakuna atakayemlipa. Unamjua mkweo, Taratibu wako, jina hilo ulimpa wewe mwenyewe. Zamani angemjibu jibu la kumfunga mdomo. Sasa hata kope haichezi.

Ile siku uliyopiga simu baada ya ajali nilimshikia mimi sikioni, kwa sababu mkono wake ulikuwa umefungwa bandeji, kwa hiyo niliyasikia yote. Ulisema dereva anayelaza gari tupu kwenye lami, mchana kweupe, pini hazimo kwenye stabilaiza na hata shingoni hazimo, huyo hakufundishwa na wewe. Ukasema asilitaje tena jina lako mbele ya madereva. Yeye akajibu ni kweli Mzee, nilisahau. Ukakata. Nilipoiondoa simu aliniomba nimsaidie kugeuka, na tangu hapo hajageuka tena.

Mimi hicho chuma nisingekijua kama si yeye. Tulipohamia kile chumba cha bati kule kambini mlimani, chini ya mnara wa simu, nilimwuliza kwa nini kila akifika pale lami inapoishia na mawe yanapoanza lazima alale chini ya gari ndipo apande, na akishuka alale tena. Nilidhani gari ni bovu. Akanieleza kwa shuka letu. Akasema stabilaiza ni fimbo ya chuma inayolishika gurudumu la huku na la kule, kama mimi na yeye tunavyolala na shuka moja, mmoja akigeuka anamvuta mwenzake. Kwenye lami ni raha tupu, gari halilali kwenye kona. Lakini kwenye mawe gurudumu moja linapanda jiwe na lingine linataka kuingia shimoni, shuka moja haliwatoshi. Basi unachomoa pini, unaiachia ile fimbo, kila gurudumu linajifunika la kwake. Ukirudi kwenye lami unairudisha, la sivyo gari linayumba kama mlevi, na ukikata usukani ghafla linakwenda chini. Nikamwambia kama ni hivyo basi na mimi nichomolewe pini, maana mwenye kuvuta shuka ni yeye.

Na ile kamba yako, Baba, ile uliyowafundisha wote kwamba pini zikitoka mahali pake zikae shingoni kwa dereva, zimgonge kifua mpaka azirudishe, hakuiacha hata mara moja. Madereva wengine walimwuliza kama hirizi hiyo ni ya kuzuia ajali au ya kuvutia wake za watu. Aliwajibu kwamba amevishwa na baba mkwe, na anayetaka kuicheka aende akaichekee mbele yake. Wakarudi kwenye magari yao. Kumbe hata kule juu wanakuogopa.

Sasa nakuja kwenye lile lililonifanya nikuambie ukae.

Ninyi mliambiwa kwamba mimi nilishushwa mapema na nesi, nikajifungua zahanati salama, na kwamba mkweo alikuwa anashuka na gari tupu alipolilaza. Msimamizi wa kambi alikubali kuisema hivyo kwa sababu aliombwa na mgonjwa. Ni uongo, Baba. Gari halikuwa tupu. Mimi nilikuwemo.

Uchungu ulinishika kabla ya siku zake, nikiwa nafua. Nesi alikuwa ameshuka mjini. Mkweo akanibeba, akanilaza kiti cha nyuma, magodoro yote mawili ya nyumba akanitandikia. Pini alikuwa nazo shingoni, maana gari likiwa kule juu stabilaiza inakuwa imefunguliwa. Njia yote ya mawe alinishusha kama mtu aliyebeba yai kwenye kijiko. Lakini uchungu ulikuwa unakuja na kuondoka, na kila ukija nilitafuta kitu cha kushika. Nikaishika ile kamba kutoka nyuma, nikaivuta kwa nguvu zangu zote. Nilikuwa namnyonga, Baba, wala sijui. Alikohoa, akasimama, akaivua, akanifumbatisha pini mkononi na kamba yake. Akasema vuta hizi, mama, shingo nitaihitaji kesho. Hata pale alipata utani.

Tulipofika kwenye lami alisimama. Hapa ndipo pa kusoma polepole. Hakusahau. Alizima gari, akalala chini kama kila siku, akaisogeza ile fimbo mahali pake pande zote mbili, kisha akaja mlangoni kwangu kuomba pini. Mimi nilikuwa nimezibana, na kichwa cha mtoto nakihisi kinakuja. Akanibembeleza nifungue mkono. Mkono haukufunguka. Mpaka leo sijui kama ni mimi niliyekataa au vidole. Ninachokumbuka ni kwamba nilimwambia tukiendelea kusimama mtoto atatufia hapa, nenda, nenda tu. Akajaribu kukunjua kidole kimoja, nikapiga ukelele, akakiacha. Alisimama pale na grisi mikononi, akinitazama mimi, akiitazama lami. Mwisho akasema haya, tutakwenda taratibu. Na tulikwenda taratibu, Baba. Baiskeli ilitupita, na mwenye baiskeli akageuka kututazama.

Kwenye kona lori lilikuwa linalipita trekta, likatokea mbele yetu uso kwa uso. Akakata usukani kulikwepa. Lingekuwa gari lililofungwa pini, wenzake wote wanasema, lingeyumba na kusimama. Letu liliinama, likaendelea kuinama, likalala upande wake yeye.

Mjukuu wako alizaliwa humo. Gari likiwa ubavuni, mlango wa juu umefunguliwa kama mfuniko wa sufuria, mama mmoja aliyekuwa juu ya trekta akashuka ndani, akampokea kwa kitambaa chake cha kichwa. Simjui jina mpaka leo, namwombea tu. Mkweo alikuwa amebanwa chini ya usukani, hawezi kugeuka kutuona. Alikuwa anauliza neno lilelile, analia? analia? Yule mama akamwambia subiri baba, subiri. Kisha mtoto akalia. Yeye akanyamaza, na mimi nikadhani amekufa.

Pini nesi alizitoa mkononi mwangu hospitali, akikunjua kidole kimoja baada ya kingine.

Kabla hawajamwingiza chumba cha upasuaji walipitisha kitanda chake karibu na changu. Akanishika nguo, akaniapisha. Kwanza alisema Mzee akijua ulikuwemo presha itamwondoa. Halafu akasema jambo ambalo silali nikilifikiria. Alisema hataki mtoto huyu akue akisikia watu wanasema baba yake alivunjika kwa sababu mama yake alikataa kufungua mkono. Akasema bora ionekane amesahau, kusahau kila mtu anasahau. Nikaapa. Nilikuwa na mtoto kifuani na yeye anavuja damu, ningefanya nini?

Leo naivunja ahadi hiyo. Atanikasirikia, na ninaomba kwa Mungu anikasirikie, maana mtu akikasirika anageuka. Nimechoka kuutazama mgongo wake, Baba. Jana nilimlaza mtoto kitandani nyuma yake, ule mkono wa mtoto ukawa unamgusa shati. Aliacha kupumua kidogo. Nikajua anasikia. Kwa hiyo bado yumo ndani, ila amejifungia, na ufunguo uko mfukoni mwako.

Dada ameniambia umemtuma kaka aje anichukue mimi na mtoto tuhamie nyumbani, kwamba mume aliyefika hapo si wa kungojea. Baba, kaka asije. Nikiondoka kwenye kiti hiki yeye hatafika mwisho wa mwezi. Akija nitamrudisha kutoka getini, na unajua tangu utoto yeye huwa hanishindi.

Njoo wewe. Tena usije na pole. Pole ameshapewa na kila mtu, mpaka na mfagiaji, hazimshuki kooni. Njoo umgombeze kama ulivyokuwa unamgombeza gereji alipokuwa utingo wako. Muulize kona ilikuwa ya mkono gani. Muulize alikuwa gia ya ngapi, na lori alianza kuliona wapi. Mwambie pini zingine zikae kwenye boksi la spana, za akiba, kwa kuwa hilo wewe hukuwahi kumfundisha, na wala wewe mwenyewe hukuwa nazo. Mbishie. Kwako hawezi kunyamaza, hajawahi. Hana baba mwingine, na ile siku ulipokata simu nilimwona usoni mtu aliyefiwa.

Kama hasira bado iko, nigawie mimi yote. Mimi nina mtoto wa kunichangamsha, nitaibeba.

Barua hii anaileta mke wa mlinzi wa mnara, anapita huko kwa dada yake, atarudi baada ya siku chache. Unaweza kuja naye, anaijua njia. Mpe Mama maneno haya polepole, usimsomee yote kwa mkupuo. Wasalimie majirani wote wanaoniulizia, na yule anayeuliza kwa umbea mwambie nimenenepa. Nami nina matumaini, Baba, sijui nayatoa wapi, lakini kila asubuhi nikiamka nayakuta.

Ukifika getini watakuelekeza wodi ya wazazi, kwa sababu utasema umekuja kwa binti yako na mjukuu. Usiende huko. Sema unakwenda wodi ya mifupa, kitanda cha ukutani. Mtoto anaweza kukungoja.

Ni mimi,
kitinda mimba wako.