Dawa ya Kuchua

Jumapili, Bweri. Jua kali tangu asubuhi, na upepo wa ziwani umegoma kupanda huku kwetu. Nimekaa barazani kwenye nyumba yangu mpya. Mdomo bado unanuka wiski na roho yangu ni mbaya.

Niandike ilivyokuwa, nisijipendelee.

Nina miaka tisa nahudumu baa ya hoteli moja ya watalii upande wa Bunda. Nimefundishwa kuwaeleza wageni kila chupa: hii ina moshi, hii ina asali, hii imebeba ladha ya pipa. Nazieleza bila kuzionja, maana mhudumu akionja, kazi hana. Nilichokuwa napata ni kunusa glasi chafu kabla ya kuziosha.

Mwaka juzi mgeni mmoja mzee aliniachia chupa nzima ya wiski. Shayiri tupu, miaka thelathini ndani ya pipa. Nikaapa kuifungua siku nitakayohamia kwangu. Kwenye chumba cha kupanga isingemaliza wiki, marafiki zangu nawajua. Nikaipeleka Murangi kwa mama.

Mama ni mtu wa kwaya, pombe haivuki mlango wake. Kwa hiyo nilibandua lebo, nikamwambia ni dawa ya kuchua, kali sana, ya mgongo wangu, anitunzie kabatini.

Nilijiona nina akili kweli.

Leo nimeenda kuichukua. Nilipoingia tu, niliikuta harufu kabla sijaiona chupa. Baba, ambaye magoti yamemuweka kitini tangu masika, alikuwa amekunja suruali hadi mapajani, na magoti yanang'aa. Mama amepiga magoti mbele yake, anachua. Chupa ilikuwa imebaki vidole viwili.

Nilimfokea mama yangu. Nilimwita mshamba. Nikamwambia amepaka kwenye miguu ya mzee kitu ambacho ukoo wetu mzima hautakuja kukiona tena.

"Si ulisema ni ya kuchua?" aliuliza taratibu.

Nikachukua kikombe cha chai na kumimina kilichobaki chote. Mama alinishika mkono, akasema, "Hiyo hainywewi, mwanangu, itakudhuru." Nikautoa mkono wake.

Baba alikuwa anacheka kimyakimya. Kabla hajaokoka alivijua hivi vitu. Nadhani aliitambua harufu siku ya kwanza kabisa, akanyamaza, akanitunzia siri yangu.

"Bwire, nionjeshe na mimi. Tone tu."

"Wewe umeshakunywa kwa magoti," nikamjibu, nikanywa yote mbele yake.

Tabasamu lilimkaa usoni kidogo, halafu likaondoka. Akaanza kushusha suruali, mguu mmoja, kisha mwingine, bila kuniangalia.

Na ilikuwa tamu. Natamani ningeandika kwamba ilikuwa chungu, lakini ningedanganya. Moshi ulikuja kwanza, kama wa banda la kukaushia samaki, ikafuata asali, halafu joto likashuka polepole hadi tumboni. Kila nilichowaeleza wageni miaka yote kilikuwemo. Nikajiramba mdomo, baba yangu akiwa hapo hapo.

Mama alinisindikiza mpaka barabarani kusubiri bodaboda. Hakunilaumu hata kidogo. Ndiye aliyekuwa anajitetea.

"Nilikuwaga simpaki kila siku, mwanangu. Siku zingine alikuwaga analia kabisa kwa maumivu. Namwambia vumilia, Baba Bwire, hii ni ya mgongo wa mtoto, tusimmalizie. Basi anavumilia."

Nikatazama upande wa ziwa. Alinipa chupa tupu, ameshaiosha kwa sabuni, ameifunga kwenye kitambaa chake cha kichwani isipasuke njiani.

Bodaboda ikafika. Nimeshapanda, akanipapasa mgongoni, pale kiunoni, kwa kiganja ambacho bado kilinuka wiski yangu.

"Sasa huu mgongo wako utauchua na nini?"

Nikamwambia dereva twende.

Mgongo wangu ni mzima. Haujawahi kuniuma hata siku moja. Nitamwambiaje?