Baba mkwe anakata kamba ninazofunga kwenye kayaki

Mama Agnès, mshauri wetu wa redio, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana tangu juzi sikai mahali pamoja, nikiketi nasimama, nikisimama naenda mlangoni, mpaka mke wangu Sephora ananiuliza kama nimekalia siafu, na nashindwa kumjibu kwa sababu jambo lenyewe linamhusu baba yake.

Mimi ni mtu wa mtaa wa Hewa Bora, wazazi wangu walitoka Kasai, na nyumbani kwetu nilifundishwa kwamba baba mkwe anaheshimiwa kwa mbali, humgusi, humrekebishi, lakini huyu wangu tangu aache kazi ya reli amependa kuvua samaki, na aliposikia kwamba rafiki yangu Sylvain ana kayaki ya watu wawili ziwani, upande wa Karavia, akasema tutakuwa tunaenda pamoja, yeye mbele mimi nyuma, na nani angekataa? Basi kila tukienda ziwani kitu chake kinazama. Lilianza koleo la kutolea ndoana, kikafuata kisanduku chenye ndoana zote, kisha fimbo ya kuvulia, kwa sababu anailaza juu ya magoti bila kuifunga, anageuka kutafuta chambo, samaki anavuta, imekwenda, naye anayatazama maji kama yamemtukana.

Nikaona nitumie akili. Safari iliyofuata, kabla hajapanda, niliifunga fimbo yake mpya kwa kamba ya nailoni, kamba nikaificha chini ya kiti. Akaigundua tukiwa katikati ya ziwa, akatoa kisu, akaikata, akasema bila kugeuka: « Muntu muzima habamufungiake vintu sawa mutoto. » Muda si muda samaki akaivuta ile fimbo, na safari hii baba mkwe akaifuata kwa mikono miwili, kayaki ikalala ubavu, maji yakaingia, naye hajui kuogelea, na jile, fulana ya kuelea, ameikalia kama mto wa kiti. Mama, nilimshika mkanda wa suruali. Mkwe wangu, kwa mkanda, nikamvuta mpaka akaniangukia magotini. Tukapiga kasia mpaka ukingoni, tukarudi nyumbani.

Nilidhani yameisha, lakini amemtuma Sephora aniambie kwamba Jumamosi tunarudi. Nikikataa, nimemdharau. Nikimwambia avae jile na afunge vitu vyake, nimemfanya mtoto. Nikinyamaza, siku moja nitarudi peke yangu, na unajua matanga yetu, watauliza alikuwa na nani, shemeji zangu watasema nimemla kwa uchawi, kanisani watasema, mtaani watasema. Nimewaza kujifanya mgonjwa, nimewaza hata kuitoboa kayaki ya watu. Nifanye nini?

Mkwe asiyetulia, Hewa Bora

*

Mkwe asiyetulia, kayaki ya Sylvain iache, haina kosa.

Pole, na hongera kwa ule mkanda. Unalia kwamba ulivunja heshima, lakini heshima gani hiyo ya kumtazama mtu akizama? Halafu hebu fikiri. Mzee ana wana wa kiume, ana marafiki wa reli, na amemtuma binti yake akuite wewe. Mtu aliyetukanwa haiti tena. Amekwisha kujua nani anafaa kukaa nyuma yake, ila hana mdomo wa kukwambia.

Sasa nikugombeze. Kosa lako si kufunga, ni kuficha. Ulimfungia vitu kisirisiri kama unamwibia, ulitaka afurahi? Na barua yako imejaa watasema, watasema, lakini hujaandika popote kama unampenda mzee huyu. Nadhani unampenda, ndiyo maana hutulii, ila hofu ya matanga imekuziba macho.

Jumamosi tangulia kufika. Funga vitu vyako wewe kwanza, fimbo, koleo, kisanduku, vyote, mbele ya macho yake, na kamba nyingine ziweke wazi upande wake, azifunge kwa mikono yake. Aliyefanya kazi reli hafundishwi kukaza fundo. Kamba inafungwa kwenye kayaki, haifungwi kwenye mkono wala mguu wa mtu, na iwe fupi, maana ndefu itawazunguka miguu mkipinduka. Mpini wa fimbo uvishe kipande cha babushi kuukuu, ndala ya mpira, ili uelee. Na kabla ya kuondoka mkubaliane kwamba kinachoanguka kimeanguka, hakuna wa kukifuata.

Jile si ya kukalia. Wewe vaa yako na uikaze. Ya baba, Sephora ndiye atakayesema, leo hii, kwa sababu binti anaweza kumwambia baba yake jambo ambalo mkwe hawezi, na yeye si mtu wa kupeleka ujumbe wa upande mmoja tu. Mweleze kila kitu, pamoja na mkanda, kisha aende akamwambie: « Papa, bwana yangu anaogopa kukupoteza. Vala jile. » Aseme hivyo hivyo, asipunguze neno.

Na mzee akikataa kuivaa, kayaki isiguse maji. Kaa nchi kavu, vumilia, usijibu kitu. Atanuna, atakusema kwa ndugu, pengine mwezi mzima. Mkwe aliyenuna unampelekea kuku, mnapatana. Aliyezama hali kuku.