Bahasha Tisa

Mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu wewe, shemeji na watoto. Natumaini nyote mna afya njema, na safari hii siulizi kwa desturi tu, kama utakavyoona. Uniwie radhi kwa kimya cha miezi saba. Kila ulipopiga simu nilimwagiza mke wangu aseme nimelala. Sikuwa nimelala.

Huku kwetu si kuzuri. Tangu mwanzo wa mwaka nyonga zimekuwa zikiniuma, nami nikakilaumu kiti cha ofisini, ingawa nimekwisha kustaafu na kiti chenyewe nimekiacha huko. Haja ndogo ikawa inatoka kwa matone, nikisimama chooni mpaka miguu inakufa ganzi. Nilimwambia mke wangu kwamba huo ni uzee. Akanijibu kwamba uzee hautoi damu, kisha akanipeleka hospitali kama apelekwavyo mtoto mtoro shuleni.

Daktari ni binti wa umri wa kitinda mimba wangu. Alinieleza bila kupepesa macho kwamba nina saratani ya tezi dume, nayo imekwisha kuingia mifupani. Nilimwuliza mbona sikuumwa mapema. Akasema ugonjwa huu hukaa kimya kwa miaka, ndiyo maana mwanamume wa umri wetu hapaswi kungoja maumivu ndipo apimwe. Wakati wa kuponywa umenipita. Kilichobaki ni kuupunguza kasi, ama kwa kuondolewa korodani, ama kwa sindano kila baada ya miezi mitatu, maisha yangu yote. Mke wangu anasema aliolewa na mtu, hakuolewa na kiungo, kwa hiyo nichague upesi. Sijaweza kuchagua.

Sasa nafika mahali ninapopaogopa. Nimeinua simu mara tatu nikuambie kwa mdomo, nikairudisha mezani.

Utakumbuka siku wauguzi walipokuja kiwandani kutupima damu kwa ajili ya tezi dume, wanaume tisa tuliovuka miaka hamsini. Wewe ulitoka kwenye meza ya kujalidi vitabu mikono imejaa gundi. Gurudumu, fundi wetu wa mashine, alijifanya kugoma, akidai damu yake haitoki bila posho, nawe ukamtania kwamba anaiogopa sindano kuliko anavyomwogopa mkewe. Tulicheka, hata mimi. Wiki tatu baadaye niliwatangazia kwamba sote tu wazima. Mkapiga makofi, mkarudi kazini.

Sikuwa na haki ya kusema hivyo. Majibu yaliletwa kwangu mimi msimamizi, katika bahasha tisa zilizofungwa, kila moja na jina lake, nami nikatia sahihi ya kuzipokea. Wiki hiyo tulikuwa na vitabu vya shule elfu arobaini vya kumaliza. Unaijua amri yangu: karatasi isiyohusu kazi iliyo mashineni haipiti mezani kwangu mpaka kazi hiyo itoke. Nikazitia kwenye droo ya chini. Nilijiambia kwamba kama yupo mgonjwa, hospitali itapiga simu. Ilipiga. Nikawajibu kwamba wote wamekwisha kuarifiwa, kwa kuwa nilikusudia kuzigawa Jumatatu. Jumatatu ikaja na kazi nyingine.

Nilistaafu nikaondoka nazo ndani ya boksi la kamusi. Nimezifungua Jumamosi iliyopita. Sita hazina neno. Tatu zinamtaka mwenyewe arudi hospitali bila kuchelewa. Moja ni yangu. Moja ni ya Gurudumu, tuliyemzika mwaka jana tukisema ni mgongo, nami nikasimama kaburini kumsifu. Ya tatu ni yako, mdogo wangu. Imo humu pamoja na barua hii.

Imepita miaka miwili na miezi minne. Usinijibu kwanza, wala usinisamehe. Mwanangu anayekuletea barua hii hajui kilichomo, lakini nimemwamuru asiondoke kwako mpaka akuone umeingia hospitali. Mweleze daktari yote, hata jina langu. Huenda kwako si saratani. Huenda ni saratani na bado haijafika mbali. Siwezi kukuahidi chochote. Ahadi yangu ya mwisho unaijua.

Mjane wa Gurudumu sijamwambia. Kila asubuhi navaa viatu niende kwake, kisha navivua.

Msalimie shemeji na uwabusu watoto. Nitakuandikia nikishaamua, kisu au sindano.

Ni mimi kaka yako, niliyekuwa msimamizi wako.