Dakika Mbili za Mkwe

Jumatatu, 9 Juni 2025
Madamu Kuuire kaniita. Bosi, mdogo kuliko kitinda mimba wangu! Ijumaa anaamua: programu yangu ya kupanga kanuni za ukuta wa mtandao, nani apite nani azuiwe, ibaki, au anunue ile ya vitufe na rangi. Yangu ni kuandika amri tu, herufi nyeupe kwenye giza. Nimeiita Mkwe — haipitishi mtu bila kumsaili. Ikitupwa, nami narudi kijijini Nandom kufuga kuku. Miaka sitini na tisa, sekondari niliikimbia — nani ataniajiri?

Jumanne, 10 Juni
Nimempa Mkwe akili mpya. Ukibadili kanuni, anasubiri dakika mbili. Usipomwandikia “ndiyo”, anarudisha za zamani mwenyewe. Mpumbavu hajifungii nje tena. Mpumbavu ni mimi. Mwaka jana mara tatu.

Jumatano, 11 Juni
Jaribio na tawi la Bolga. Kule yuko Ayinpoka, anayepokea kokwa za shea, zile za kukamulia mafuta. Yeye Mfrafra, mimi Mdagaaba — watani tangu mababu, kuitana watumwa na kugombea kichwa cha mbwa! Nampigia aniambie kama mtandao unapita. “Mtumwa wangu, kichwa cha mbwa umekula peke yako?” Nikamwambia nimemtumia mumewe, wafanane. Kucheka, kukohoa — dakika zimekwisha, kanuni zimerudi. Mara nne! Mara mbili kanidanganya kumefungwa, kumbe kweupe. Mkwe mzima. Ndimi zetu ndizo mbovu.

Alhamisi, 12 Juni
Balaa. Kanuni mpya, nikampigia Ayinpoka. “Mzee, huku kumefungwa.” Nikamjibu: wewe na mbwa wako! “Baba, kweli, kumefungwa!” Nikacheka, nikaandika “ndiyo”.
Kumefungwa kweli. “Zuia wote” niliiweka juu, ruhusa ya Bolga chini yake — na Mkwe husoma kuanzia juu. Bila mtandao mizani haiandiki, kina mama wamekaa nje na magunia, mvua ikaja. Nikamsomea Ayinpoka amri kwa simu, herufi moja moja, aandike kwenye mashine ya kule, maana mimi nimefungiwa nje. Masaa matatu! Hakunitania hata neno. Hilo ndilo lilinitisha. Magunia arobaini yamelowa.

Ijumaa, 13 Juni
Asubuhi Madamu kamweka Ayinpoka kwenye spika ya simu. Nani kasababisha? Ayinpoka akawahi: ni yeye, eti aliniambia kuko wazi, utani ulimzidi.
“Basi programu haina kosa,” Madamu akasema. “Mzee, andika ripoti, jina la mkosaji juu, kabla ya saa sita. Huyo hatuna kazi naye.”
Nikampigia pembeni. Mbona umejitia kitanzi, mwanamke? “Ukienda Nandom nitamtukana nani, mtumwa wangu?” Akacheka. Kicheko kibovu. Ana watoto watatu.
Saa tano na nusu. Nimeandika tarehe. Nimeandika magunia arobaini. Jina — nimeandika lake, nikafuta. Nimeandika langu, nikafuta. Karatasi imetoboka. Viatu vya Madamu hivyo, vinagonga koridoni —