Kasha Alilolifunga Bwana Asilimia

Jumatatu, 9 Juni
Mratibu mpya wa chanjo kawasili. Viatu vinang'aa, mdomo hauna breki. Nimeshambatiza Bwana Asilimia. Wasichana wa darasa la tano wapate chanjo ya saratani ya shingo ya kizazi, tisini kwa mia, mwisho Ijumaa! Sindano yenyewe hajui inashikwa upande gani. Kanikuta nimepanga pakiti za barafu mezani zitoe jasho kabla ya kuzitia kwenye kasha la chanjo. Eti napoteza muda. Nikamweleza: barafu ikitoka friza moja kwa moja itaigandisha chanjo, na chanjo hii ikiganda imekufa. Akacheka. Mtu mzima na tai yake!

Jumanne, 10 Juni
Nilicheleweshwa kwenye kliniki ya wajawazito. Natoka, kasha limeshafungwa — Bwana Asilimia kalifunga mwenyewe, barafu moja kwa moja kutoka friza. "Nimekuokolea muda, sista." Kimbelembele! Nilipaswa kulifungua palepale. Dereva anapiga honi, nikapanda.

Shuleni, wa kwanza kwenye foleni, binti ya dada yangu. Dada kamuuguza mama mkwe wake kwa saratani hiyohiyo mpaka kaburini. Mwaka mzima ananiimbia mwanawe asikose. Mtoto kafumba macho. "Mama mdogo, polepole." Nikamchoma. Na wengine thelathini na mmoja.

Chupa iliyofuata ina chembechembe nyeupe. Nikawaambia walimu dawa imeisha.

Jumatano, 11 Juni
Jana niliporudi niligandisha chupa nyingine makusudi, ya kulinganishia. Leo imeyeyuka, nikaitikisa pamoja na ile yenye chembechembe ya shuleni. Mashapo yametua sawasawa kwenye chupa zote mbili. Chanjo ya kasha lile iliganda; imekufa.

Nikampelekea Bwana Asilimia ile chupa. Hata hakuiangalia.
"Itawadhuru?"
"Haitawadhuru. Haitawakinga pia."
"Basi nani atajua?"
Mjinga yule! Halafu akaongeza kwamba mama zao wakisikia chanjo mbovu, mwakani hakuna atakayeleta mtoto. Kinachoniuma, hapo hajakosea.

Alhamisi, 12 Juni
Dada kapita. Kadi ya mtoto kaitia plastiki! Kasema nimemtua mzigo. Nami nikasema karibu chai. Chai!! Ulimi wangu wote huu, umeishia kwenye chai. Siku nne namdharau yule mwanamume, leo nimejiona kwenye kioo cha bafuni nikageuza uso.

Ijumaa, 13 Juni
Ripoti iko mezani. Tisini na moja kwa mia, wale thelathini na wawili wamo. Inasubiri sahihi yangu. Bwana Asilimia kapita mara mbili, anakohoa mlangoni kama mbuzi mwenye mafua. Akohoe mpaka mapafu yatoke.

Nimempigia dada kwanza. Nimemwambia yote — barafu, chupa, na kwamba mtoto itabidi achomwe tena. Nilidhani atapiga kelele. Heri angepiga. Kauliza kitu kimoja tu:
"Ulianza kushuku lini? Kabla hujamchoma mwanangu, au baadaye?"

Simu nimeilaza hapa kando ya daftari. Hajakata. Namsikia anapumua.