Karatasi ya Muhogo ya Rasoa

Mjukuu wangu Nekesa,

"Kufungia chakula kwa karatasi laini ya muhogo, inayooza yenyewe, ni uvumbuzi mpya kabisa." Ndivyo asemavyo mwalimu wako huko ng'ambo, nawe unaniuliza kama ni kweli. Babu yako hajambo, ng'ombe amezaa, na mwalimu wako amekosea.

Miaka ya sabini tuliuza njugu sokoni Kangemi, mimi na Rasoa, jirani yangu wa mlango wa pili. Mifuko ya nailoni ilikuwa imeanza kuziba mitaro yetu. Tukapika wanga wa muhogo, kila mtu kwake, tukautandaza juu ya majani ya mgomba yaliyopitishwa motoni, ukakauka. Wangu ulivunjika kama kioo nilipoukunja. Wa Rasoa ulikunjika kama kitambaa, na wateja wangu wakahamia kwake.

"Umetia nini humo?" nikamuuliza.

"Uzuri wangu, dada. Wewe endelea kuuza vioo."

Wivu ulinichoma. Nikawa namchungulia, hata asubuhi moja ya baridi ya Julai nikamwona akijipaka glisirini mikononi, kisha akamimina kidogo katika sufuria ya wanga; kumbe ndiyo iliyoulainisha. Bila wivu nisingemtazama, na leo nisingekuwa na la kukujibu.

Wivu huo haujaniisha. Hata wewe nakuonea, mwenye maabara nzima.

Basi wewe na mwalimu wako, futeni hilo neno "mpya" katika maandishi yenu. Andikeni jina la Rasoa wa Kangemi. Langu liwe chini yake, lakini karibu.

Bibi yako, Kukhu